Siku za Kutopinda Kitu

"Lusha, Noeli ile mlikuwa mnapinda nini nyumbani kwenu?"

Jirani yao Ustinya aliuliza hivyo akiwa ameegemea ua wa mbao, ndoo mbili tupu zimekaa miguuni pake, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha. Hakuwa akimtazama Glikeria, aliyezoea kumwita Lusha. Alikuwa akimtazama Rimma, mtoto wa Glikeria wa karibu miaka miwili, aliyekuwa akitoka kizingitini kuwafuata kuku. Mtoto aliyumba kulia, akayumba kushoto. Magoti yake yalikuwa yametengana huku na huku, na nyayo zimekutana chini, kiasi kwamba kuku mmoja alipita katikati bila kuinamisha kichwa.

Glikeria alijibu kwamba hawakupinda kitu. Akaingia ndani, akakaa kwenye benchi karibu na jiko la matofali, mikono mapajani, mpaka maziwa yakachemka yakafurika, na hata hapo hakuinuka.

Maana walipinda.

Kijijini kwao, kando ya mto Tobol, hapakuwa na mtu asiyejua. Tangu Noeli, ambayo kwa kalenda yao ya zamani huangukia tarehe saba Januari, mpaka sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, siku kumi na mbili, hapindwi kitu: si fito, si mbao za sleji ya kutelezea thelujini, si mpini wa kikapu. Anayepinda siku hizo, kiumbe kitakachozaliwa kwake, zizini au kitandani, kitatoka kimepinda. Padri alikuwa ameondolewa zamani, kanisa likageuzwa ghala la ngano, lakini jambo hilo halikuhitaji padri. Watu walilijua kama walivyojua kutopiga mluzi ndani ya nyumba.

Mume wake, Kondrat, alikuwa fundi wa mapipa. Mwaka ule mwenyekiti wa shamba la ushirika alitaka mapipa ya kabichi kabla ya katikati ya Januari, na habari za Noeli hakutaka kuzisikia. Kondrat aliloweka fito za mwerebi, akazipitisha kwenye mvuke, akazikunja kuwa pete za kubania mapipa. Kila pete ilihitaji mkono wa pili wa kushika ncha wakati yeye akichonga mahali pa kufungia. Mkono huo wa pili ulikuwa wa Glikeria, mimba ya miezi mitatu tumboni. Alishika pete arobaini. Alipomaliza alijinyoosha mgongo na kusema amechoka.

Tangu siku ya swali la Ustinya, Glikeria hakuweza kuutazama mguu wa mwanawe asione fito. Daktari wa wilaya alisema ni mifupa laini, mtoto amekosa jua na maziwa, apewe mafuta ya samaki. Glikeria akampa kijiko kila asubuhi, miaka saba, akimshika pua. Hakubishana na daktari. Lakini rohoni alikuwa na jibu lake, na kila jioni alilipeleka nyuma ya pazia, kwenye kona ya picha takatifu, akaliacha pale, na kesho yake alilikuta lingali naye. Kondrat alikufa kwa kifua Rimma akiwa na miaka tisa. Hakuwahi kuambiwa kwamba jirani aliuliza.

Rimma alikua, na ulimi wake ukakua mbele yake. Watoto walimwita Pipa, naye akawajibu kwamba pipa likijaa hulewesha wanaume, wao wakijaa wanatapika tu. Alipata kazi ya kuuza tiketi kwenye kituo kidogo cha treni, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani, na alichokitaka duniani kilipita mbele ya dirisha lake mara nne kwa siku: treni ndefu za kwenda mashariki, na mlangoni pa kila behewa mwanamke mwenye sare ya buluu na bendera ndogo mkononi.

"Mama, wale wanakunywa chai ya asubuhi Chelyabinsk, na jioni wako Omsk," alikuwa akisema. "Sisi hapa jioni tuko palepale tulipoamkia."

Alipofikisha miaka ishirini na mbili aliomba kazi hiyo ya mhudumu wa behewa. Daktari wa reli akamwambia avue soksi, akamgonga magoti, akatikisa kichwa.

"Binti, kusimama saa kumi na mbili kwenye sakafu inayotikisika, kwa magoti haya, utatambaa kabla hujafika miaka thelathini. Nenda Kurgan kwanza. Kule hospitalini wanawanyoosha watu. Ukirudi umenyooka, mimi mwenyewe nitakupigia muhuri."

Akaenda. Walianza na mguu wa kushoto, majira ya kuchipua. Glikeria alipokwenda kumwona alishika fremu ya mlango. Chini ya goti la mwanawe kulikuwa na pete nne za chuma, moja juu ya nyingine, zimeuzunguka mguu pasipo kuugusa. Kutoka kwenye pete zilitoka nyaya ngumu zilizopenya nyama na mfupa na kutokea upande wa pili. Kati ya pete na pete kulikuwa na fimbo zenye nati. Mfupa ulikuwa umekatwa. Manesi walizungusha nati za upande wa ndani kidogokidogo kila siku, ufa ukafunguka kama mlango, na mwili wenyewe ukaujaza kwa mfupa mpya.

"Umeona, mama? Baba angependa," Rimma alisema kitandani. "Pete bila hata msumari mmoja."

Glikeria alicheka kidogo kwa ajili yake, kisha akaenda kwenye ukumbi kusimama.

Lakini mguu ulinyooka. Vuli ilipofika, chuma kikatolewa, Rimma akasimama nyumbani akiegemeza kisigino kwenye mwimo wa mlango, na mguu wa kushoto ukalala juu ya mbao yote, toka kisigino hadi paja. Glikeria alipiga magoti akapitisha kiganja, akatafuta mwanya, hakuuona.

"Nusu binti, nusu pipa," alisema Rimma. "Bado nusu." Na kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa alimkumbatia mama yake bila sababu.

Mkuu wa kituo aliahidi kumwekea nafasi kwenye kozi ya wahudumu ya Aprili. Katikati ya Desemba wakaukata mfupa wa mguu wa kulia, wakamfunga chuma.

Siku mbili kabla ya mwaka kuisha, wodini kukazuka surua. Wagonjwa wote waliokuwa na mahali pa kwenda wakaambiwa waende, warudi mwisho wa Januari. Daktari Zaripova, mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alimketisha Rimma kitandani na kumwita mama yake.

"Nani atazungusha nyumbani?"

"Mimi," akasema Rimma. "Mguu si wangu?"

"Wewe ulizirai mara mbili kwa kushika spana tu. Wodi nzima inajua. Jumanne uliangukia sahani ya uji."

"Uji wenyewe ulistahili, daktari."

"Glikeria Savvichna, sogea. Usiogope, kitu hiki hakiumi." Akamwekea mkononi spana ndogo, yenye joto la mfuko wake. "Nati mbili, za upande wa ndani. Hii na hii. Robo ya mzunguko. Asubuhi, mchana, jioni, na kabla ya kulala. Robo nne ni mzunguko mmoja, mzunguko mmoja ni milimita moja. Ukikimbiza, mfupa hauoti. Ukichelewesha, unajifunga, maana huyu bado kijana na mfupa wake una njaa. Vidole vikiwa baridi au buluu, pumzisha siku moja, mbili, haidhuru, kisha endelea. Umenielewa?"

"Nimeelewa." Glikeria aliizungusha nati robo, mbele ya macho ya daktari. Alikuwa mtu wa mikono. Kisha akasimama pale na spana, swali limemjaa kinywani. Ukutani palikuwa na picha ya kiongozi mwenye ndevu, si yule aliyezoea kumwuliza mambo yake. "Na Jumapili?" aliuliza.

Daktari akatabasamu. "Mfupa haujui Jumapili, Glikeria Savvichna."

Rimma akacheka mpaka kitanda kikalia. Basi Glikeria hakuuliza lile alilotaka kuuliza.

Alimshonea mfuko wa ngozi ya kondoo kutoka kwenye koti la marehemu Kondrat, wa kuvalisha mtambo, kwa sababu chuma huvuta baridi mpaka ndani ya mfupa. Wakarudi kwa treni, kisha kwa sleji ya jirani, Rimma amelala juu ya nyasi kavu akiimba. Nyumbani maisha yakashika mpango wake. Mara nne kwa siku Rimma alijifunika uso kwa mto.

"Haya, zungusha, mama. Mimi sipo."

Robo, na robo. Rimma alitukana chini ya mto, matusi ya kituoni ambayo mama yake alijifanya hayajui. Nusu saa mguu ulivuta kama jino bovu, halafu ukatulia. Glikeria alifungua daftari la shule alilopewa na daktari, akaweka alama ya vema kwa penseli. Vema nne kila siku, zimepangana vizuri. Mwaka mpya ukapita. Ufa ukawa unafunguka.

Tarehe sita Januari, mkesha wa Noeli, akaja Ustinya na bakuli la uyoga wa chumvi. Alikuwa mzee sasa, nusu ya meno hana, lakini macho ni yaleyale. Alikaa akautazama mguu kwa muda.

"Hee, Rimka. Umevaa mnara wa redio. Unashika Moscow?"

"Moscow na Tashkent, shangazi Ustinya. Hali ya hewa tu ndiyo siipati."

"Na huyo mwanamume utakayempata Omsk, utamwambia ulikuwa na miguu gani?"

"Nitamwambia nilikuwa mpanda farasi, farasi akauzwa."

Ustinya alicheka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Alipoondoka, Glikeria alimsindikiza mpaka ukumbi wa nje, penye kuni na baridi. Pale Ustinya, akifunga shali yake, alisema bila kumtazama:

"Lusha. Na kesho?"

"Kesho nini?"

"Kesho ni Noeli. Utazizungusha pete hizo?"

"Wanamnyoosha, Ustinya. Si kupinda."

"Mimi nimesema nini? Nimeuliza." Akavuta fundo. "Kondrat naye alikuwa anatengeneza mapipa tu. Nyundo yake tuliisikia mpaka kwetu."

Jioni, nyota ilipotoka, Glikeria alipika uji wa ngano na asali kama alivyopika kila mwaka, wakala wawili. Alizungusha robo ya mwisho, akaweka vema ya mwisho. Kisha akaenda nyuma ya pazia, akasimama.

Kunyoosha, au kupinda? Angemwuliza padri, lakini kanisa lililo wazi lilikuwa mbali, safari ya siku nzima, na nani angebaki na Rimma? Akajiuliza mwenyewe. Alimwona Kondrat akiwa na ufito mkononi. Kondrat kila mara aliunyoosha kwanza, dhidi ya goti, ndipo akaukunja. Ni mkono uleule. Ni mti uleule. Na pete arobaini alizishika yeye, kwa vidole hivihivi, siku hizihizi, akiwa na mtoto huyuhuyu. Je, mara hii chuma kikikataa, kikaenda upande, akarudi kumwona Rimma amepinda kuliko mwanzo, atamwambia Mungu kwamba hakujua? Mara ya kwanza angeweza kusema hivyo. Sasa anajua.

Daktari mwenyewe alisema kupumzisha haidhuru. Siku moja, mbili. Na Bwana aliyeziweka kumi na mbili, je, hawezi kuulinda mfupa mmoja kwa hizo zilizobaki?

Asubuhi ya Noeli Rimma alijifunika mto. Glikeria alikaa kitandani, akaiweka spana ukingoni mwa nati tu, isishike. Akageuza kiganja. Spana ikateleza juu ya pembe za nati, ikatoa mlio mdogo. Akafanya hivyo na ya pili.

"Tayari?" ilisema sauti chini ya mto.

"Tayari."

Alipofungua daftari, penseli ilisimama juu ya karatasi. Vema hakuweza. Ingekuwa uongo wa kuandikwa, na siku yenyewe ni hiyo. Akachora msalaba mdogo, wenye ubao wake wa chini ulioinama, kama ule wa kaburi la Kondrat. Akajiambia kwamba msalaba haudanganyi mtu.

Siku ya tatu Rimma alitoa uso kwenye mto kabla ya wakati. Glikeria alikuwa ameshaiondoa spana.

"Mama, mkono wako umekuwa mwepesi. Sisikii kitu siku hizi."

"Ndivyo inavyokuwa. Mwili unazoea."

"Mguu wa kwanza haukuzoea hata siku moja. Nesi yule alikuwa na mkono wa muuza nyama." Akajinyoosha, akahema. "Wewe ungekuwa nesi, mama. Kweli nakwambia."

Alianza kulala vizuri. Alikula viazi sahani mbili, akaomba na uyoga. Mashavu yakapata rangi. Glikeria alimgusa vidole vya mguu kila saa, vilikuwa vya moto, vyekundu vizuri, na kila alipovigusa alishukuru. Aliona ni ishara. Alikuwa na haki ya kuona hivyo, maana kwa zaidi ya miaka ishirini aliomba ishara na hakupewa. Misalaba minne kwa siku, siku kumi na mbili. Ilikuwa arobaini na minane, nayo pia ilipangana vizuri.

Sikukuu ya Ubatizo alichota maji kwenye tundu la barafu mtoni, akaingia ndani nyusi zimeganda, akanyunyiza pembe za nyumba, ng'ombe, kitanda, na mtambo wenyewe. Rimma akalalamika kwamba atashika kutu. Kisha Glikeria akaiweka spana juu ya nati, mara hii mpaka mwisho, akazungusha.

Nati ilikwenda kwa kusitasita, kama kifuniko cha mtungi wa mwaka jana. Chini ya mto hakukutoka tusi. Kulitoka sauti ambayo Glikeria hakuwa ameisikia tangu mtoto huyu azaliwe.

"Ni nini, mama? Umefanya nini?"

"Robo. Robo tu."

Mchana akazungusha tena. Jioni tena. Siku ya tatu nyaya zilikuwa zimejikunja kati ya pete, mguu haujasogea hata unywele. Pembeni mwa waya mmoja ngozi ilifura na kutoa maji ya manjano, na Rimma akawa wa moto mwili mzima. Jirani akafunga farasi kwenye sleji.

Daktari Zaripova aliitundika eksirei dirishani, kwenye mwanga wa theluji, akaitazama mgongo umewageukia. 

"Umefunga," alisema. "Ufa umefunga njiani. Mlisimamisha?"

"Hapana," akasema Rimma. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa homa. "Mara nne kwa siku, daktari. Mama yangu hakosi. Hata ng'ombe wake huenda kwa saa."

"Hata siku chache? Vidole viligeuka buluu, labda?"

"Hata robo moja. Daftari hili hapa."

Daktari akafungua kurasa. Glikeria alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, shali imekunjwa magotini, ameishika ncha mbili. Alisikia karatasi zikigeuka. Alisikia zikisimama.

"Hapa kulikuwa na vema. Halafu misalaba. Halafu vema tena."

Rimma akacheka, kicheko kilichomalizikia kwenye kikohozi. "Mama ni mcha Mungu, daktari, usimwambie mtu. Ilikuwa Noeli. Ameipamba tu."

Daktari alimtazama Glikeria. Hakuwa na ukali. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri, na alisubiri kiasi cha mtu kuvuta pumzi mara tatu. Glikeria alifungua kinywa. Aliliona neno lilipo, karibu kabisa. Akakifunga, akatazama shali.

"Basi," alisema daktari. "Wako watu ambao mifupa yao hufunga upesi. Hutokea." Akaitoa eksirei dirishani. "Chuma nitakitoa leo, kuna usaha. Lazima vidonda vikauke kabisa kabla ya kukata mfupa tena, na waliokwisha kuandikwa mbele yenu wanajaza miaka miwili. Labda mitatu. Nitakuandika, Rimma."

"Na Aprili?"

"Aprili utakuwa kwenye plasta."

Ndani ya treni ya kurudi ni Rimma aliyemshika mama yake mkono. Mhudumu wa behewa aliwaletea chai, kijiko kikigonga glasi. Rimma alimtazama viatu mpaka akapita.

"Usilie, mama. Wewe kosa lako nini? Mfupa wangu ndio mkaidi. Wa baba."

Glikeria alilia zaidi, na Rimma akadhani ni kwa sababu ya kutajwa baba.

Mwezi Machi plasta ilitolewa mapema, na kilichokuwa ndani kikaonekana. Mguu wa kushoto ulikuwa umenyooka na mrefu. Wa kulia ulikuwa umepinda bado, mfupi. Zamani Rimma aliyumba kulia na kushoto sawasawa, akapata mwendo wake, na watu wakauzoea. Sasa alidondoka upande mmoja kila hatua, akashika fimbo. Barua ya reli ikaja, mistari minne. Nafasi ya Aprili amepewa msichana wa kijiji cha pili. Rimma aliisoma, akaiweka chini ya sufuria ya moto ili isiunguze meza, na haikuondolewa pale. Mizaha yake ilipungua. Siku nyingine haikuwapo.

Ikafika Jumapili ya mwisho kabla ya mfungo. Siku hiyo watu huombana msamaha ili wasiingie kwenye mfungo na kinyongo. Anayekuja huinama na kusema, nisamehe, naye anayeombwa hujibu, Mungu anakusamehe, nami nakusamehe. Hakuna anayeuliza kosa gani. Ustinya alikuja asubuhi, akainama mpaka kitambaa kikagusa sakafu.

"Nisamehe, Lusha, kwa ulimi wangu."

"Mungu anakusamehe, Ustinya, nami nakusamehe," alijibu Glikeria, na alipolisema neno hilo alihisi msamaha haujatoka wote.

Mchana alikaanga chapati za maji, nyembamba, siagi ikitiririka, za mwisho mpaka Pasaka. Rimma alikula kwa mikono, fimbo imeegemea meza. Yeye hakuamini, lakini jibu la siku hiyo alikuwa amelitoa kila mwaka tangu aanze kusema, mara nyingi kinywa kimejaa, na mama yake hakumdai zaidi. Glikeria alifuta mikono kwenye aproni, akaja akasimama mbele yake, akainama.

"Nisamehe, mwanangu."

"Mungu anaku..."

"Ngoja. Usijibu bado."

Rimma akaacha kutafuna.

"Ile misalaba," alisema Glikeria. "Sikuzungusha."

Jiko lilikuwa likilia ndani, kuni mbichi. Rimma alimeza kilichokuwa kinywani.

"Siku gani?"

"Toka Noeli hata Ubatizo."

"Zote?"

"Zote kumi na mbili. Niliweka spana juu, ikateleza. Wewe ulikuwa chini ya mto."

"Mara nne kwa siku," akasema Rimma polepole. "Na mimi nikasema mkono wako mwepesi."

Glikeria akamweleza. Alieleza pete arobaini, na mwenyekiti, na nyundo, na siku alipokuja Ustinya na ndoo zake tupu, na swali. Hakuwa ameyasema kwa mtu aliye hai, na yalitoka bila mpangilio, fito kabla ya mapipa, mapipa baada ya mtoto. Alisema aliogopa kumpinda mara ya pili. Alisema alikuwa akimlinda.

"Kwa sababu ya mapipa," alisema Rimma.

"Nilijua siku moja mbili haidhuru. Daktari alisema..."

"Daktari alikuuliza." Sauti yake haikupanda. "Mama, alitusubiri. Mimi nilikuwa na homa, nikaona anatusubiri. Nikamwambia mama yangu hakosi. Nikamwambia ni mapambo ya Noeli, nikamchekesha. Na wewe ulikuwa umekaa pale na shali yako."

"Nilikuwa nimekaa pale."

"Tena kwenye treni nikakubembeleza."

Glikeria alipiga magoti. Magoti yake yaligonga mbao, kisha viganja, kisha paji la uso. Sakafu ilikuwa na joto la jiko na harufu ya siagi.

"Nisamehe, Rimma," alisema pale chini. "Nisamehe."

Akangoja jibu. Kutoka alipolala aliona miguu miwili chini ya meza, mmoja umekwenda moja kwa moja kutoka goti hadi kisigino, mwingine umezunguka kama ufito. Ikasogea. Benchi likakwaruza. Alisikia mikono ikifutwa kwenye kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Alisikia koti likitolewa kwenye msumari, halafu buti za sufu, ya kushoto ikaingia upesi, ya kulia, iliyoongezewa soli kwa kipande cha ngozi ya kondoo, ikachukua muda wake. Fimbo ikainuliwa.

Mlango ulifunguka, baridi ikaingia chini chini mpaka usoni pa Glikeria, na Rimma akatoka.